Bata Asiye na Suruali: Lugha Katika Katuni za Kale za Wanyama

Katika kinamasi cha Okefenokee, mpakani mwa Georgia na Florida huko Marekani, anaishi tumbusi mmoja aitwaye Sarcophagus MacAbre. Nasema anaishi kwa namna viumbe wa wino wanavyoishi. Kila asemapo, maneno yake hayaandikwi ndani ya kiputo cha kawaida cha katuni, kile kiduara cheupe chenye mkia unaoelekea mdomoni. Yeye huandikiwa ndani ya mraba wenye ukingo mweusi, kwa hati ya madoido, mfano wa tangazo la tanzia. Akikuamkia, maamkizi yake yamevaa msiba. Jirani yake Deacon Mushrat, panya-maji na shemasi mwenye kujidai utakatifu, hunena kwa herufi za Kigothi kama zile za Biblia za kale za Ulaya. Naye dubu P. T. Bridgeport, mwenye sarakasi, hawezi kuomba hata maji ya kunywa bila maneno kumtoka kwa herufi nene za mabango ya sarakasi ya karne ya 19.

Wapenzi wa ushairi mnafahamu kwamba sauti ya msemaji hukaa katika mizani, katika lahaja, katika uteuzi wa neno. Walt Kelly, aliyewachora viumbe hao, aliiweka pia katika umbo la herufi. Msomaji haambiwi kwamba shemasi ni mnafiki. Anauona unafiki kabla hajalisoma neno la kwanza.

Vijitabu vya katuni za wanyama, vilivyostawi Marekani kati ya miaka ya 1940 na 1960 hivi, vimezoeleka kutazamwa kama pipi za watoto. Vilichapwa kwa karatasi duni, vikauzwa senti 10, vikasomwa kitandani na kutupwa jalalani. Mimi nadai kwamba vilikuwa karakana ya lugha, tena karakana iliyofanya kazi kwa uhuru mkubwa kwa sababu hakuna mkubwa yeyote aliyejishughulisha kuchungulia ndani. Nitaieleza historia yao kwa upande huo, na upande wa picha nitawaachia wenye macho ya uchoraji.

Kwanza biashara yenyewe. Oktoba 1940 lilianza kutoka jarida la Walt Disney's Comics and Stories, likiuzwa kwa nembo ya Dell na kutayarishwa na kampuni ya uchapaji ya Western, yenye makao yake Racine, Wisconsin. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 jarida hilo lilikuwa likitoa nakala zaidi ya milioni 3 kwa toleo moja, kiasi ambacho magazeti mengi ya watu wazima yangekionea kijicho. Wachapishaji wengine nao wakakimbilia wanyama. Mwaka 1942 pekee walizaliwa Supermouse, panya mwenye nguvu za ajabu, na Hoppy, sungura anayegeuka shujaa anayeruka angani kwa mfano wa Captain Marvel wa kampuni ileile ya Fawcett. Wachoraji wengi walikuwa waajiriwa wa studio za filamu za katuni huko Hollywood, waliofanya kazi hii usiku ili kuongeza kipato. Walilipwa kwa ukurasa, jina halikutiwa, na hati miliki ilibaki kwa mwenye kampuni.

Pengine ni kwa sababu ya mazingira hayo ya kazi ya usiku, isiyo na jina wala msimamizi mkali, ndiyo maana kanuni za ulimwengu ule zikawa za ajabu kiasi hicho. Bata Donald huvaa shati la baharia na kofia, wala hana suruali, na hakuna anayeshangaa. Panya Mickey anafuga mbwa aitwaye Pluto, asiyesema, mwenye kamba shingoni. Wakati huohuo rafiki yake mkubwa ni Goofy, ambaye naye ni mbwa, lakini anasema, anavaa kofia na kuendesha gari. Nani aliyeamua kwamba mbwa huyu atakuwa mtu na yule abaki mbwa? Bata hao hao hukaa mezani na kumla bata mzinga wa kuchoma. Kwa Kiingereza jambo hilo hupita bila kuhisiwa, kwa kuwa jina la ndege huyo halifanani kabisa na la bata. Kwa Kiswahili linageuka karamu ya kutisha: bata wanamla bata. Lugha yetu imeongeza chumvi katika mzaha ambao mwenyewe hakuutia.

Hapa naomba nikae kidogo kwenye sarufi. Mnyama wa Kiingereza, akiwa mnyama tu, hutajwa kwa kiwakilishi kile kile cha meza na jiwe. Ili awe mhusika, lazima avushwe mpaka: apewe kiwakilishi cha mwanamume au cha mwanamke, kisha glovu, kisha kofia. Sehemu kubwa ya uchekeshaji wa katuni hizi hutokana na uvushaji huo uliofanywa nusunusu, mguu mmoja ng'ambo ya huku na mwingine ng'ambo ya kule. Sisi hatuna mpaka wa namna hiyo. Bata anakula, mtu anakula. Panya amekuja, mwalimu amekuja. Ngeli ya A-WA ilikwisha wapa wanyama uraia zamani, hata kabla hajatokea wa kuwashonea mashati. Nadhani ndiyo sababu hadithi zetu za sungura na fisi hazihangaiki kueleza kwa nini wanasema. Edward Steere alipochapisha ngano alizozikusanya Unguja, mwaka 1870, punda wa dobi alikuwamo kitabuni akiwa mhusika kamili, na hakuna msimulizi aliyeomba radhi kwa hilo.

Krazy Kat wa George Herriman ni mfano bora zaidi wa jambo hili. Huyu alikuwa katuni ya magazetini wala si ya vijitabu, na ni wa kale zaidi: alichipuka mwaka 1910 akiwa kichekesho kidogo chini ya katuni nyingine, akapata nafasi yake mwenyewe mwaka 1913, na akafa pamoja na mchoraji wake mwaka 1944. Lakini waliokuja baadaye wote wanadaiwa naye. Kisa ni kile kile kila siku: paka Krazy anampenda panya Ignatz, panya anamtupia paka tofali la kichwa, paka analipokea tofali kama barua ya mapenzi, mbwa Offisa Pupp, askari, anayempenda paka kimyakimya, anamtia panya korokoroni. Miaka 30 ya tofali moja! Mshairi E. E. Cummings aliandika utangulizi wa mkusanyiko wa katuni hizo uliotoka mwaka 1946, na sioni ajabu, maana lugha ya Krazy ni ya mshairi aliyelewa lahaja tano kwa mpigo: Kiingereza cha mitaa ya wahamiaji, mguso wa Kihispania, mguso wa Kifaransa cha New Orleans alikozaliwa Herriman, tahajia zinazopindwa kufuata sikio.

Je, Krazy ni dume au jike? Herriman hakukubali kuamua. Siku moja Krazy hutajwa hivi, siku nyingine vile, na msomaji wa Kiingereza hujikwaa kila mara. Tafsiri ya Kiswahili ingemwondolea msomaji kikwazo chote kwa herufi moja, kiambishi *a-*, na kwa kumwondolea kikwazo ingemnyang'anya nusu ya tamu. Huwa tunajivunia, na kwa haki, kwamba lugha yetu haibagui jinsia katika kiwakilishi. Hapa ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza kwamba fadhila hiyo nayo ina gharama yake kwa mfasiri.

Mtu aliyekataa kumtia paka wake katika kundi moja alikuwa na sababu zake. Mwaka 1971, miaka 27 baada ya kifo chake, cheti cha kuzaliwa cha Herriman kilipatikana, nacho kilimwandika kuwa mtu wa rangi, kutoka familia ya Wakrioli wa New Orleans. Cheti chake cha kifo kilimwandika Mzungu. Aliishi maisha yake yote ya kazi katika vyumba vya habari ambavyo huenda visingempa kiti kama wangejua. Sitaki kuusoma kila mzaha wa Krazy kama fumbo la siri hiyo. Lakini mtu akishajua, hasomi tena vilevile.

Turudi kwa Kelly. Alikulia Bridgeport, Connecticut, mji wa viwanda mbali na kinamasi chochote, na mwaka 1941 aliondoka studio ya Disney. Toleo la kwanza la Animal Comics, lililotoka mwishoni mwa mwaka 1942, ndimo alimoanza kumchora mamba Albert, pamoja na Pogo, ambaye ni oposamu, yaani kile kijinyama cha Marekani kibebacho watoto mfukoni. Aliyekuwa nao ni mtoto wa kibinadamu, mtoto Mweusi aliyeitwa Bumbazine, aliyesema na wanyama kama wenzake. Baada ya miaka michache mtoto huyo aliondolewa, wanyama wakabaki peke yao. Mwaka 1948 Pogo alihamia katika gazeti la New York Star, kisha akaenea nchi nzima.

Kuondoka kwa Bumbazine kumenishughulisha. Wanyama wa Okefenokee wanasema Kiingereza cha Kusini, kilichofinyangwa na kupotoshwa kwa mapenzi makubwa, na Kusini ile haikutengeneza usemi wake bila ndimi za Waafrika waliopelekwa utumwani. Mtoto Mweusi ameondoka, sauti imebaki kwa mamba na kobe. Nyuma yake kuna mlolongo mrefu zaidi. Mwaka 1880 Joel Chandler Harris, mwandishi wa habari wa Atlanta, alichapisha ngano alizozisikia kwa watu Weusi wa Georgia, zinazomhusu sungura mjanja anayewashinda wakubwa kwa ulimi. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kutambulishwa kwa sungura huyo. Wataalamu wa ngano wamekwisha kuonyesha kwamba visa vingi vya namna hiyo vilivuka bahari kutoka Afrika, vikiwa mzigo pekee ambao mwenye meli hakuweza kuupokonya. Mwaka 1946 Dell nao walitoa kijitabu cha sungura huyo, kufuatia filamu ya Disney. Basi alifika kwenye karatasi ya senti 10 baada ya safari hiyo yote, akiwa amevalishwa suruali, tena na watu wasiojua jina lake la awali.

Kelly mwenyewe alikuwa na sikio ambalo malenga yeyote angelitamani. Kazi yake inayokumbukwa kuliko zote ni wimbo wa Krismasi aliouvunja: aliacha mizani yote mahali pake, vina vyote mahali pake, na lahani ikaimbika bila kukwama, ila akayaondoa maneno na kuweka mengine yasiyo na maana yoyote. Ni zoezi ninalowapendekezea wanaojifunza bahari za ushairi. Chukua shairi la tarbia unalolihifadhi, lijaze upuuzi mtupu usiovunja mizani hata moja, uone kama masikio ya jamaa zako watashtuka. Yangu, nilipojaribu, hayakushtuka hadi ubeti wa tatu.

Upuuzi huo ndio uliompa nafasi ya kusema yasiyosemeka. Mwaka 1953, wakati Seneta Joseph McCarthy akiwatia watu hofu kwa tuhuma za ukomunisti, kinamasini aliingia paka-mwitu mmoja, Simple J. Malarkey, mwenye sura ambayo hakuna aliyeikosea. Gazeti moja la Providence, Rhode Island, likatishia kuiondoa katuni ikiwa sura ile itaonekana tena. Kelly akamleta kinamasini kuku wa kutoka Providence, na paka-mwitu, kwa kuogopa kuonwa na mgeni huyo, akajivika mfuko kichwani. Sura haikuonekana. Sharti limetimizwa, na tashtiti imekuwa kali kuliko kwanza, maana wakati ule mtu aliyefunikwa kichwa kwa mfuko alikuwa na maana yake katika Marekani ya Kusini. Wazee wetu wa kujibizana kwa mafumbo wangempigia makofi.

Carl Barks ni habari nyingine kabisa. Kelly alitia sahihi yake kwa mbwembwe. Barks hakutia hata herufi. Alizaliwa mwaka 1901 karibu na Merrill, Oregon, shambani. Masikio yake yalikuwa mazito. Shule aliiacha angali kijana, akafanya kazi za sulubu na za karakana kabla ya kuajiriwa na studio ya Disney mwaka 1935. Mwaka 1942 aliondoka, akaenda kufuga kuku California. Ndiyo, kuku. Kutoka shambani hapo ndipo alipoanza kuandika na kuchora visa vya bata kwa ajili ya Western, kimoja kila mwezi, pamoja na visa virefu, hadi alipostaafu mwaka 1966 akiwa na kurasa zaidi ya 6,000. Juu ya kila kisa liliandikwa jina la Walt Disney. Watoto, hata hivyo, hawakudanganyika. Walijua kwamba miongoni mwa wachoraji wa bata yupo mmoja anayewazidi wote, na kwa kuwa hawakumjua wakamwita tu mchoraji mzuri wa bata. Kumtambua mtunzi kwa mkono wake, bila jina, ni jambo tunalolihusisha na wahakiki wa tenzi wanaobishana kuhusu hati zisizo na sahihi. Hawa walikuwa na umri wa miaka tisa.

Kisa chake cha mwaka 1949 cha kupotea katika milima ya Andes kina jambo ambalo wapenzi wa lahaja hawataki kulikosa. Donald na wapwa zake watatu wanakwenda Peru kutafuta asili ya mayai ya mraba, na katika bonde lenye ukungu wanakuta watu ambao kila kitu chao ni cha pembe nne: nyumba, kuku, hata wao wenyewe. Kutengeneza kitu cha duara ni kosa la jinai. Lakini ajabu kubwa kuliko mayai ni usemi wao. Watu hao wa mlimani wanazungumza Kiingereza cha Alabama, kwa mvuto na ukarimu wote wa Kusini, kwa sababu mgeni wa mwisho kufika bondeni kabla yao alikuwa profesa kutoka Birmingham, naye ndiye aliyewafundisha. Hakuna maelezo marefu. Barks anaweka jambo hilo na kuendelea. Ila hebu lifikirini: jamii nzima imebeba lafudhi ya mtu mmoja, imeiona kuwa ndiyo lugha sanifu, na inawashangaa wageni wanaosema vinginevyo. Sisi ambao tumewahi kubishana juu ya Kiunguja na Kimvita tunaijua milima hiyo. Mwishowe Donald anarudi na kuku wawili wa mraba kwa ajili ya kuzalisha, na inagunduliwa kwamba wote wawili ni majogoo.

Ni Barks pia aliyemzua bata bahili Scrooge McDuck, mwezi Desemba 1947. Kwa Kiingereza anaitwa kwa neno lisilosema ni ndugu wa nani. Mswahili hawezi kuanza sentensi ya kwanza kabla hajajua: ni mjomba au ni ami? Baba mkubwa au baba mdogo? Kwa wapwa hakuna shida, kwa kuwa filamu ya mwaka 1938 ilikwisha sema kwamba wale watoto watatu ni wa dada yake Donald. Yeye basi ni mjomba halali, mwenye kero zote za cheo hicho. Kwa Scrooge ilibidi kusubiri nasaba iliyokuja kuelezwa baadaye, inayomfanya kuwa kaka wa mama yake Donald. Naye ni mjomba, alhamdulillahi. Laiti mfasiri wa mwaka 1947 angechagua "ami", nusu karne baadaye angelazimika kuufumua ukoo mzima.

Na kwa kuwa nimemtaja mfasiri, hapa ndipo kwenye kiini cha ninayotaka kusema. Mwaka 1951 jarida la Micky Maus lilianza kutoka Ujerumani Magharibi, na mhariri wake alikuwa Erika Fuchs, mzaliwa wa Rostock mwaka 1906, mwenye shahada ya udaktari katika historia ya sanaa. Walimu na makasisi wa Ujerumani wakati huo waliziita katuni uchafu. Bibi Fuchs hakubishana nao. Alikaa mjini Schwarzenbach an der Saale, na kwa zaidi ya miaka 30 akawatia bata wa Barks ulimi wa washairi wakuu wa Kijerumani. Wale wapwa watatu, katika mkono wake, waliweza kuapa kwa maneno yanayomkumbusha msomaji Schiller. Watoto waliopigwa marufuku kusoma katuni walikuwa wanahifadhi fasihi bora bila kujua.

Mvumbuzi wa Barks anayeitwa Gyro Gearloose, Bibi Fuchs alimpa kaulimbiu yenye maana kwamba mhandisi halemewi na lolote. Ili vina vikubaliane, aliligeuza neno la Kijerumani lenye maana ya "zito", akabadili irabu yake bila kuongeza wala kupunguza silabi, na neno la "mhandisi" akalipinda vilevile. Msomaji wangu ameshatambua: ni tabdila, ruhusa ile ile ya mshairi tunayofundishwa pamoja na inkisari na mazida. Kwetu ni haki ya malenga. Kule ilipewa kuku mwanasayansi mwenye kofia ndogo, na leo Wajerumani wasiojua asili yake wanaitumia kama methali.

Lakini jambo lake kubwa ni la kisarufi. Katuni za Kiingereza hujaza pembeni mwa picha maneno kama "kuguna", "kumeza mate", "kulia kwa kwikwi", yakiwa katika umbo la mzizi mtupu, kwa kuwa kitenzi cha Kiingereza hakina kiambishi katika hali hiyo. Kijerumani kina. Bibi Fuchs akakikata kiambishi cha mwisho, akakiacha kitenzi kikiwa kisiki, na kisiki hicho kikawa tendo na sauti kwa wakati mmoja. Umbo hilo lilienea hata likaingia katika mazungumzo ya vijana na baadaye katika mazungumzo ya kompyuta, na wanaisimu wakalitafutia jina la kitaalamu. Kwa utani huitwa kwa jina lake yeye, *Erikativ*.

Nimejaribu mara kadhaa kufanya hivyo kwa Kiswahili na nimeshindwa. Ukikata kiambishi awali cha "kulia" na "kuguna" unabaki na "lia" na "guna", ambazo ni amri. Mchoro wa bata mwenye machozi, na pembeni neno "lia", unamwambia msomaji alie yeye! Ukikata na irabu ya mwisho, neno halitamkiki kinywani mwa Mswahili. Mlango wetu ni mwingine: tanakali za sauti. Bata anaanguka pu, anatumbukia chubwi, analala fofofo, ananyamaza ji, moyo unampiga pu pu pu. Hazina hii ni kubwa kuliko ya Kiingereza na Kijerumani zikijumlishwa, nayo tumeiacha katika sura moja ya vitabu vya fasihi simulizi, ikingoja mtihani. Hakuna tanakali ya kufikiri, wala ya kuona haya, wala ya kuwaza hila. Hizo Bibi Fuchs alizipata kwa kisu chake. Sisi itabidi tuzitunge.

Kuhusu dhoruba iliyozikumba katuni sitasema mengi, kwa kuwa imesimuliwa sana. Desemba 1948, mjini Binghamton, New York, wanafunzi wa shule ya kanisa walichoma rundo la vijitabu uwanjani. Mwaka 1954 daktari Fredric Wertham alitoa kitabu chake cha kuzishutumu katuni, Baraza la Seneti likafanya vikao, na wachapishaji wakajiundia kanuni ya maadili. Dell walikataa kujiunga, wakidai kwamba wao wana maadili kuliko hiyo kanuni. Ushindi ulikuwa wa muda. Televisheni ilikwisha ingia sebuleni.

Kuna shutuma nyingine ambayo siwezi kuipita kwa haraka, nami ni Mwafrika. Mwaka 1949, mwaka ule ule wa mayai ya mraba, Barks alichora kisa cha mchawi wa Kiafrika anayetuma zumbi kulipiza kisasi. Waafrika waliomo wamechorwa kwa kejeli chafu ya zama zile, na itikadi za Haiti zimemwagwa barani Afrika kana kwamba bahari haipo katikati. Matoleo ya baadaye yalirekebisha baadhi ya sura. Nilipokisoma nilikifunga kitabu, nikakifungua tena siku ya pili, na hapo nikaona jambo lililonipita: kisasi kile ni cha haki. Scrooge, katika ujana wake, aliwanyang'anya watu wale ardhi yao kwa mabavu, na kisa chenyewe kinakiri hivyo. Mkono uliowadhalilisha ndio ulioandika hati ya mashtaka. Silitoi hilo kuwa udhuru. Nalitoa kwa sababu limo ukurasani.

Mwaka 1971 Ariel Dorfman na Armand Mattelart, wakiwa Chile, waliandika kitabu mashuhuri kinachowasoma bata hao kama sauti ya ubeberu. Baada ya mapinduzi ya 1973 askari walikichoma. Mwaka 1975 forodha ya Marekani ilizuia nakala za tafsiri yake ya Kiingereza. Mengi waliyoyasema ni kweli. Ila walisoma katuni zilizofasiriwa kwa Kihispania, na lililohukumiwa ni jina lililo juu ya jalada. Lafudhi ya Alabama katika milima ya Andes haikufika mahakamani, na hakimu hakuisikia.

Jina la Barks lilipatikana mwaka 1960. Msomaji mmoja aliyekulia katika vijitabu vile alifuatilia hadi akalipata, akamwandikia barua ya kumshukuru. Mzee alikuwa na umri wa miaka 59, amechora bata kwa miaka 17 bila kupokea hata mstari mmoja kutoka kwa msomaji, kwa kuwa barua zote zilikwenda kwa kampuni. Aliisoma barua ile, akashuku kwamba mfanyakazi mwenzake ndiye aliyeiandika kumfanyia mzaha.